Abiria wa Sita

Wewe uliyenikosa wiki jana, usihangaike kutafuta gazeti la zamani. Mikosi yangu hufupishika.

Ijumaa ile basi letu dogo lilitumbukia mtaroni, likiwa njiani kwenda kuchukua watembeaji. Shemeji, aliyekuwa kwenye usukani, alivunjika mkono mahali pawili. Niliacha kila kitu nikakimbilia hospitali. Na Wifi, ambaye leseni ya biashara ina jina lake, alinikabili mbele ya wauguzi akasema tangu marehemu kaka yake anioe, ukoo wao haujaona heri.

Nilidhani hapo ndipo pa mwisho. Kumbe yalikuwa makaribisho tu.

Leo nataka kusema jambo ambalo sikulisema wiki jana, wala wiki zote kabla yake. Nimelikalia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimechoka kuficha.

Kwanza uielewe kazi yetu. Kuna njia ya watembea kwa miguu inayokatiza milima, mwendo wa siku tano. Unaingilia Geti la Juu, unatokea Geti la Chini. Sasa mtu aliyetembea siku tano hana hamu ya kutembea siku tano nyingine kurudi alikotoka, na hapo ndipo tunapoingia sisi. Tunampeleka Juu, tunamfuata Chini. Kama alikuja na gari lake, linamngoja uani kwetu, na funguo zake zinaning'inia ukutani kwangu kwenye msumari wenye namba.

Anayepanga nani aende lini na gari gani limfuate ni mimi. Ndiyo maana mjini wananiita Mama Ratiba.

Kule Geti la Chini kuna karatasi ya kutoka. Ina majina ya kundi zima. Kila anayetoka anaandika saa na kuweka saini mbele ya mlinzi. Jina moja likikosa saini, kizuizi hakifunguliwi, na askari wa hifadhi wanaambiwa kuna mtu amebaki mlimani. Ni utaratibu mzuri sana.

Mimi ndiye niliyeuua.

Karatasi zenyewe tunaziandaa ofisini kwetu, dereva anakwenda nazo ndani ya bahasha iliyofungwa, anamkabidhi mlinzi. Watembeaji wakifika chini wako hoi, wanajitupa vitini, hakuna anayekumbuka saini. Mara mbili Shemeji alirudishwa getini. Mara ya tatu alicheleweshwa mpaka mvua ikamkuta barabarani, gari likakwama kutwa. Nikasema, yote haya kwa ajili ya saini?

Nikaanza kuwasainia mimi. Siku moja kabla, mezani kwangu, na kikombe cha chai pembeni. Saini zao ninazo kwenye fomu za kuingia, naziiga. Saa nazibadilisha zisifanane: huyu saa tatu na robo, yule saa tatu na nusu. Mlinzi anagonga muhuri bila kuinua kichwa.

Nimefanya hivyo miaka mitatu. Shemeji alijua, kwa hiyo alikuwa akihesabu vichwa vyenyewe kabla ya kuwasha gari. Halikuharibika jambo. Nami nikajiona mjanja.

Sasa nije kwa baba yangu.

Baba ana miaka sabini na miwili. Alikuwa mpima ardhi. Yeye na wenzake ndio walioipasua njia ile kwa panga, kabla haijapata vibao na ramani za rangi. Mwezi uliopita alikuja ofisini, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, nataka kuipita mara moja tena kabla magoti hayajanisusa."

"Baba, kwa umri huo?"

"Nimekuomba usafiri. Ushauri sijaomba."

Ungemweza? Mimi sijawahi kumweza. Nikamwandika kwenye kundi la watu sita. Siku moja kabla hajaondoka nilimshonea kifungo cha koti kilichokatika, kwa uzi mwekundu, kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia. Akakitazama, akacheka.

"Vizuri. Nikipotea nitaonekana toka mbali."

Wakaingia Jumapili. Jumatano nikakaa mezani, nikawasainia wote sita. Saini ya baba sikuhitaji kuitazama popote. Niliijua tangu kwenye ripoti zangu za shule. Mpaka mkia wa herufi ya mwisho niliuweka. Nikamwandikia saa tatu na dakika arobaini.

Jambo moja halikunipita kichwani, au lilipita nikalifukuza. Shemeji alikuwa kitandani na mkono wa plasta. Aliyekwenda kuwachukua alikuwa dereva wa kukodi, mzungumzaji mmoja ambaye wenzake humwita Kasuku. Na Kasuku sikumwambia kwamba saini zile ni zangu. Niliona haya.

Alhamisi, saa nane mchana, baada ya kuwasimamisha watembeaji njiani kula, gari likaingia uani. Nilisikia breki nikatoka mbio na miwani mkononi.

Wakashuka watano.

Nikachungulia ndani. Nikachungulia hata nyuma ya viti, kana kwamba baba yangu ni mtoto wa kujificha.

"Baba yuko wapi?"

"Mzee?" Kasuku alikuwa anapangusa kioo. "Mzee si alishatoka."

"Alitoka na nani?"

"Hilo sijui, mama. Nilihesabu watano, nikamwuliza mlinzi. Akanionyesha karatasi: mzee katoka saa tatu na dakika arobaini. Nikasema basi, kapata lifti, wazee wana marafiki kila kona. Tena saini yake nzuri, ina mkia."

 Nikashika mlango wa gari.

Mmoja wa wale watano, mwalimu wa sayansi, akaja kunipongeza. "Baba yako ana mapafu! Jana mchana alituambia tutangulie, anataka kupita mahali pake pa zamani. Leo tunafika chini tunaambiwa ametutangulia yeye. Tumecheka njia nzima."

Nami nikacheka. Naapa nilicheka, maana uso ulikuwa haujui la kufanya.

Nikaingia ndani, nikampigia mhifadhi wa Geti la Chini.

"Ndugu mhifadhi, baba yangu hajafika."

"Jina?"

Nikamtajia. Nikasikia karatasi zikichakarika.

"Huyu ametoka. Saa tatu na dakika arobaini."

"Labda kuna makosa."

"Makosa gani, mama? Kuna saini. Mlimani hayupo. Mtafuteni mjini."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa manne tu: saini hiyo niliweka mimi.

Nikasema, "Asante," nikakata simu.

Ninyi mnaoniletea salamu za pole kila wiki, nimeandika hilo mjue mnampa pole mtu wa namna gani.

Nikampigia Wifi. Nikamweleza yote. Akaongea taratibu, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kelele.

"Ukifungua mdomo, leseni yangu imekwenda. Na mdogo wangu ndiye dereva aliyepeleka karatasi hizo miaka mitatu. Atasimama mahakamani na plasta yake."

"Wifi, ni baba yangu."

"Na huyu ni mdogo wangu. Mzee wako ile njia aliizaa mwenyewe. Atatokea kwa miguu yake kabla jua halijazama, utaona haya kwa kututia wote kitanzi."

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na ubaya ni kwamba nilitaka kumwamini. Nilikaa kwenye kiti changu dakika ishirini nzima, nikitazama mlango, nikimsubiri baba aingie na kofia mkononi. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa.

Hakuingia mtu.

Nikatoka. "Kasuku, washa gari. Turudi Geti la Chini."

"Sasa hivi? Kwanza hili gari la bluu lisogezwe, linatuziba." Alinionyesha gari dogo la bluu lililokuwa uani, majani yamejaa kwenye kioo. "La nani hili? Liko hapa wiki nzima."

"La mteja. Atakuja kulichukua. Zungukia kule, twende!"

Ni mwendo wa saa mbili. Nusu ya kwanza Kasuku aliongea: barabara, matairi, mkwewe anayekoroma. Nusu ya pili nikamwambia. Nilimwambia nikitazama dirisha, kwa sababu uso wa mtu mwema ni mgumu kuutazama.

Tangu nimjue, ile ilikuwa mara ya kwanza Kasuku kunyamaza.

Tulikwenda kilomita nyingi hivyo. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwacha."

"Hapana. Ni mimi."

"Mama, mimi nilihesabu. Nikapata watano. Nikaiamini karatasi, nikayakataa macho yangu." Akapangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Ningejua, nisingeondoka pale hata kwa mtutu."



Ofisi ya mhifadhi ni chumba kimoja. Ramani ukutani, buti zinakauka karibu na dirisha, simu ya upepo mezani inakwaruza. Yeye mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, anayekunywa maji ya moto matupu. Alinikaribisha kiti. Sikukaa.

"Ile saini si ya baba. Niliiweka mimi jana yake. Baba hajatoka mlimani."

Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningeshukuru.

Akaweka kikombe chini. "Hii moja tu?"

"Zote sita."

"Nauliza, karatasi hii moja tu?"

"Zote, ndugu mhifadhi. Miaka mitatu."

 Akachukua simu ya upepo akawaita askari wawili walioko kibanda cha mwisho, ambacho ni karibu na alikoonekana baba. Akawaambia mzee wa miaka sabini na miwili, koti jeusi.

"Ana kifungo chenye uzi mwekundu," nikasema.

"Koti lina uzi mwekundu," akawaambia. Akanigeukia. "Alisema anakwenda wapi?"

"Mahali pake pa zamani. Nadhani ni banda la wapimaji. Walilala pale walipokuwa wakipasua njia. Utotoni alikuwa akitusimulia: liko chini ya mwamba uliopasuka, maji yanapita nyuma."

"Halipo kwenye ramani."

"Halipo. Lipo kichwani mwake."

Askari wakaujua mwamba. Wakasema ni mwendo wa saa moja. Ukungu ni mzito, wakasema, lakini wanakwenda.

Basi tukasubiri. Hakuna kazi ngumu kama kusubiri chumba kimoja na mtu uliyemdanganya. Nje mvua ilianza, ndogo, ile ya kukaa.

Mhifadhi hakukaa bure. Aliteremsha sanduku la karatasi zetu toka juu ya kabati, akaanza kuzifunua moja moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasoma majina kama mtu anayeita darasa.

Akasimama kwenye moja.

"Hii ni ya Ijumaa iliyopita. Majina manne. Si ndiyo siku gari lenu lilitumbukia?"

"Ndiyo siku hiyo."

"Basi nani aliwachukua hawa?"

"Rafiki yake Shemeji, ana gari lake. Aliipokea bahasha kwa Shemeji pale pale mtaroni."

"Alichukua wangapi?"

  Ijumaa ile nilikuwa hospitali nikisikiliza matusi ya Wifi. Sikuhesabu kichwa hata kimoja.

"Mpigie," akasema mhifadhi.

Nikampigia. Rafiki yake Shemeji alikuwa sokoni, kelele tupu nyuma yake.

"Wale watu wa Ijumaa? Watatu! Kwani vipi?"

"Karatasi ilikuwa na wanne."

"Mama Ratiba, wewe uliniambia kawachukue watembeaji. Wangapi hukusema. Karatasi ilikuwa imejaa saini, nilijua anayekosekana ameondoka mapema. Hapakuwa na mtu pale getini, mama! Ningemwacha mtu?"

Nikateremsha simu. Mhifadhi alikuwa anasoma jina la nne kwa sauti. Jina la mwanamke. Alikuja peke yake, aliandika kwamba anatembea peke yake, na mahali pa kuandika ndugu wa kutafutwa alichora mstari.

Na mimi, msomaji wangu, wakati ule sikuona uso wa mtu. Niliona msumari namba saba, funguo zinaning'inia. Niliona gari dogo la bluu, majani kwenye kioo. Wiki nzima nimelipita asubuhi na jioni nikisema, mwenyewe atakuja. Juzi nililiegemea nikifunga kiatu.

"Ana siku saba," akasema mhifadhi.

Ndipo nilipokaa kwenye kile kiti.

Saa kumi na mbili kasorobo simu ya upepo ikakwaruza. Nilisimama kabla haijatoa neno. Kasuku naye akaingia mbio toka nje, amelowa.

"Tumefika bandani," ikasema sauti ya askari. "Tumempata. Yu hai."

Nilipiga kelele. Kasuku alinikumbatia, na mvua yake yote, akawa anasema "Si unaona! Si unaona!" Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaahidi mambo ambayo sitayaandika hapa. Hata mhifadhi alifumba macho.

"Koti lina uzi mwekundu kwenye kifungo," ikaendelea ile sauti. "Lakini mkuu... uliyesema ni mzee. Huyu ni mwanamke."

Mikono ya Kasuku ikalegea mabegani mwangu.

"Rudia," akasema mhifadhi.

"Mwanamke. Mguu umevimba, hawezi kuukanyagia. Anasema alipotea kwenye ukungu wiki iliyopita, akaona banda, akaingia. Alikuwa na biskuti kidogo, na maji yako hapa nyuma. Mzee alimkuta jana mchana. Akampa koti na chakula chake chote."

"Mzee yuko wapi?"

 Mkwaruzo. Kisha: "Hayupo. Ameondoka leo alfajiri kuja huko kwenu, kuita msaada. Hakupita njia kubwa. Ameteremka na njia yao ya zamani, ile ya korongoni. Alisema gari linaondoka saa nne, na kwa njia hiyo ni masaa matatu tu, ataliwahi."

Nilitazama saa ya ukutani. Alfajiri mpaka jioni. Masaa kumi na mawili, bila koti.

Mhifadhi alikuwa amesimama mbele ya ramani, anatafuta kwa kidole njia ambayo haimo. "Korongoni wanavukaje?"

"Kwa gogo," nikasema. "Walilaza gogo."

"La lini?"

Baba alikuwa akitusimulia habari za gogo lile kwa majivuno. Lilibebwa na watu wanane. Waliimba. Jioni ile ile aliletewa barua kwamba amepata binti.

"Mwaka niliozaliwa mimi."

Mhifadhi alizitazama mvi zangu.  Akaita askari waliokuwa nje, akawaambia wachukue kamba na taa, waanzie chini kuelekea korongoni. Kasuku alikwenda nao. Hakuomba ruhusa ya mtu. Nikainuka nimfuate, mhifadhi akanizuia kwa mkono.

"Wewe utawachelewesha. Kaa."

Nikakaa. Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

Simu ya upepo ikakwaruza tena. "Mkuu, huyu mama anataka kusema."

Ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Mmempata yule mzee?"

"Bado," akasema mhifadhi. "Tunamtafuta."

"Nilimwomba asiende. Nilimwambia, baba, mimi nimekaa hapa wiki nzima, na hakuna aliyenitafuta. Alikataa kabisa. Alisema hilo haliwezekani, labda nimekosea kuhesabu siku." Alipumua kidogo. "Alisema nisiogope, hata yeye asipofika. Mwanawe ndiye mwenye karatasi. Alisema jina la mtu likikosa saini, binti yake hakai chini mpaka apatikane."

Karatasi ilikuwa mezani, kati yangu na mhifadhi. Jina la baba, saa tatu na dakika arobaini, na ule mkia.

"Huyo binti yake," ikasema ile sauti, "yupo hapo? Nilitaka kumuuliza kitu."

Mhifadhi alinitazama. Kisha akanisogezea simu ya upepo.

"Bonyeza hapa ukitaka kusema," akaniambia.

Nikabonyeza.